Tumsubiri Lei Wulong hadi lini?

SWALI: Ssebo, pole na kazi. Sisi ni vijana kumi na wawili hapa Wandegeya, Kampala. Tunacheza Tekken 8, gemu ya mapigano, kwenye kibanda kimoja chenye PS5 nne na tuna kundi letu la WhatsApp. Tangu gemu itoke tunamsubiri Lei Wulong, mpiganaji wa Tekken za zamani, aongezwe. Trela ikikaribia kundi linawaka: huyu kaona picha iliyovuja, yule ana rafiki anayejua mtu. Trela ikitoka Lei hayumo, watu wanatukanana, na wawili wameshajitoa. Mwenzetu mmoja alinunua pasi ya msimu (unalipia kwa pamoja wapiganaji wote wa msimu) kabla majina hayajatangazwa, sasa anataka tumchangie. Mwingine anacheza Genshin Impact kwenye simu, ambako wahusika hupatikana kwa bahati nasibu, na amekula hela ya pango akimtafuta mhusika wake. Ngoja ngoja yaumiza matumbo. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu zangu wa Wandegeya, siku ya trela hakuna kinachoamuliwa. Mnachokiona kiliamuliwa zamani. Mpiganaji mmoja anahitaji umbo, miondoko, sauti, mapigo na mizani (asiwazidi wenzake wala kuzidiwa mno), na mizani ndiyo inayokula muda. Tekken 8 ilitoka tarehe 26 Januari 2024 ikiwa na wapiganaji 32, na misimu miwili ya mwanzo ikaongeza wanane. Anayeingia baada yao anapimwa dhidi ya watu arobaini, pigo kwa pigo. Kwa hiyo kelele za wiki ya mwisho, dua na alama za moto kwenye WhatsApp haziwezi kumwingiza mtu wala kumtoa. Kazi iliyobaki kwa shabiki ni kukadiria, na makadirio yana hesabu zake.

Watengenezaji wenyewe wamewahi kulisema hili waziwazi. Januari 2020 Masahiro Sakurai, mkurugenzi wa Super Smash Bros. Ultimate (gemu ya mapigano ya Nintendo, kwa kifupi Smash), alitangaza pasi ya pili yenye wapiganaji sita akawaambia mashabiki kwamba orodha imeshapangwa, wasimtumie maombi. Watu waliendelea kumtumia maombi kwa zaidi ya miezi ishirini, mpaka wa mwisho alipotangazwa Oktoba 2021.

Sasa tuhesabu nafasi. Msimu wa kwanza wa Tekken 8 ulileta Eddy, Lidia, Heihachi na mgeni kutoka gemu nyingine, Clive. Wa pili ukaleta Anna, Fahkumram, Armor King na sura mpya kabisa, Miary Zo. Mnaona mtindo? Nafasi nne kwa mwaka: tatu za wanaorudi, moja ya mgeni au mtu mpya. Lei hawezi kukaa kwenye ile moja. Anagombea zile tatu tu, na foleni yake ni ndefu. Mwishoni mwa 2025 waliokuwa nje ni Lei mwenyewe, Julia, Christie, Marduk, Bob, Kunimitsu, Ganryu, Josie, Lucky Chloe, Katarina, Miguel, Master Raven, Gigas, Mokujin, Roger Jr., Wang, Baek na Bruce. Hao ni kumi na wanane, na wengine sijawataja. Watu kumi na wanane kwa viti vitatu ni mmoja kwa sita, yaani asilimia 17 hivi, kabla hatujaangalia nani ana uzito kuliko nani.

Lei ana uzito. Yupo tangu Tekken 2 ya 1995, na katika Tekken 7 alirudi kama nyongeza ya kulipia mwaka 2018. Hilo linampandisha. Kinachomshusha ni kazi anayowapa watengenezaji: ana mitindo ya nyoka, joka, chui milia, chui na korongo (huyo wa mwisho ni ndugu wa ndege wa bendera yetu), ana ya ulevi, na ana mapigo ya kulala chali. Kila mtindo ni miondoko ya kuchora na kupima upya. Kwa maoni yangu mpeni asilimia 20 hadi 25 kwa msimu. Msizidishe hapo.

Tazameni asilimia 25 inavyofanya kazi. Kila mwaka mna robo tatu ya uwezekano wa kuumia. Mkisubiri misimu mitatu, uwezekano wa kumkosa yote mitatu ni 0.75 × 0.75 × 0.75, ambayo ni kama 0.42. Basi kumpata ndani ya miaka mitatu ni asilimia 58. Kwa hiyo si upumbavu kumsubiri. Upumbavu ni kushangaa asipokuja mwaka huu, wakati hesabu yenyewe ilisema hivyo. Kumbukeni pia kwamba misimu haina ahadi ya kuendelea. Mortal Kombat 1 ilitoka Septemba 2023, na Mei 2025 wenye gemu wakatangaza kwamba hawaongezi wahusika tena. Waliokuwa wakijiambia «mwakani» wakakuta hakuna mwakani.

Kuna hoja mbili ambazo kundi kama lenu huzipenda na hazina nguvu. Ya kwanza ni hadithi ya gemu: «Fulani alikufa, hawezi kurudi», au «hadithi inamhitaji, lazima aje». Heihachi alizikwa na hadithi ya Tekken 7, na Julai 2024 akatangazwa tena kule Evo, mashindano ya gemu za mapigano, Las Vegas. Kifo hakikumzuia. Hadithi huandikwa kumfuata mhusika ambaye wenye gemu wameamua kumrudisha, mara chache iwe kinyume. Ya pili ni umaarufu: «Dunia nzima inamtaka.» Miary Zo wa Madagaska hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, kwa kuwa hakuwahi kuwepo, na kiti akapata.

Kura nazo zina mtego wa maneno. Mwaka 2015 Nintendo waliwaachia mashabiki wapige kura ya nani aingie Smash, na kura ikafungwa tarehe 3 Oktoba. Desemba mwaka huohuo wakamtangaza Bayonetta kuwa mshindi, lakini sikilizeni jinsi ilivyosemwa: mshindi kati ya wale waliowezekana. Wengi waliruka hilo neno. Tarehe 5 Oktoba 2021, miaka sita na siku mbili tangu kura ifungwe, Sora wa gemu ya Kingdom Hearts akatangazwa, na Sakurai akaeleza kwamba huyu ndiye aliyeongoza kura zote. Kilichomchelewesha ni haki za umiliki, kwani Sora ana Disney nyuma yake. Lei ni mali ya Bandai Namco, wenye Tekken wenyewe, kwa hiyo kikwazo hicho hana. Lakini mnapomtaka mgeni kutoka gemu au filamu ya watu wengine, ulizeni kwanza ni kampuni ngapi zitakaa mezani. Zikiwa mbili, gawanyeni makadirio yenu kwa mbili. Ni kanuni ya mkono tu, si sayansi, ila itawaokoa.

Haya, sasa kundi. Nunueni daftari la kurasa 48, lile la shule. Wiki moja kabla ya tangazo kila mtu anaandika majina sita na asilimia kando ya kila jina, anatia sahihi, halafu daftari linakaa kwa mwenye kibanda. Baada ya tangazo mnapiga alama hivi: aliyekuja anahesabiwa 1, asiyekuja 0. Toa makadirio kwenye matokeo, jibu ulizidishe kwa lenyewe. Aliyesema «Lei asilimia 90» na Lei hakuja anapata 0.9 × 0.9 = 0.81. Aliyesema asilimia 20 anapata 0.2 × 0.2 = 0.04. Lei akija, hesabu inageuka: wa 90 anapata 0.01 na wa 20 anapata 0.64. Jumlisheni majina yote sita, mwenye alama ndogo ndiye mshindi, na mwenye alama kubwa anamnunulia rolex (chapati ya kuviringisha) ya mayai mawili. Isizidi hapo. Mkianza kuweka elfu hamsini, ugomvi utarudi kwa mlango wa nyuma.

Uzuri wa daftari ni kwamba linamlazimisha mtu kutenganisha «namtaka» na «atakuja». Mwekeeni kila mmoja safu mbili: ya kwanza anaandika kumi bora wa moyo wake bila hesabu yoyote, ya pili asilimia. Mtagundua kwamba yule anayepiga kelele kuliko wote, akiambiwa aandike namba na atie sahihi, anashuka kutoka «hakika» hadi asilimia 40 bila kusukumwa.

Tuje kwenye uvumi. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii inafaa kijijini, kwenye gemu inaponza. Oktoba 2018 ilienea picha iliyodaiwa kuvuja ya bango la Smash Ultimate, nayo ikawa maarufu kwa jina la uvujaji wa Grinch. Ilikuwa na Banjo na Kazooie, Geno, Ken na wengine. Tarehe 1 Novemba tangazo rasmi likatoka: Ken yumo kweli, na bango zima lilikuwa la kughushi. Mwaka uliofuata Banjo na Kazooie wakaingia kwa njia yao, ilhali Geno aliishia kuwa vazi la kuvaliwa na mpiganaji mwingine. Yaani uongo unaweza kubeba jina la kweli ndani yake, na kuanguka kwa uongo hakuthibitishi kwamba mtu hatakuja. Uvumi ukianguka, rudini kwenye asilimia zenu za mwanzo. Msishuke hadi sifuri.

Tangu Facebook ifungwe hapa Januari 2021, sehemu kubwa ya habari za gemu hutufikia kwa WhatsApp na TikTok, zikiwa zimepita mikono mitano na jina la mwenyewe limekatwa. Kwa hiyo wekeni sharti: hakuna kutuma uvumi bila kiungo cha aliyeusema kwanza na tarehe yake. Asiyenacho, msimamizi anafuta. Sharti hilo peke yake litaua sehemu kubwa ya moto.

Kikipatikana kiungo, angalieni aina yake. Majina yaliyochimbwa kwenye mafaili ya gemu yana uzito kuliko maneno ya mtu, ila hata hayo huponyoka, kwa kuwa watengenezaji huacha mabaki ya mipango iliyofutwa. Mtu mwenye historia ya kupatia ana uzito kiasi, mradi mfungue ukurasa wake wa mwaka uliopita. Kama ametabiri watu ishirini, akapatia watatu na kufuta waliobaki, huyo ni mvuvi aliyetupa nyavu kila upande. Picha iliyopigwa kwa simu mbele ya skrini, yenye ukungu na mkono unaotetemeka, ipeni sifuri hadi ithibitishwe. Ukungu huficha kazi mbaya. Na rafiki anayejua mtu pale kampuni? Mwambieni aandike kwenye daftari kama wengine.

Usiku wa tangazo nao unachangia ugomvi kuliko mnavyodhani. The Game Awards, hafla ya tuzo za gemu, hufanyika Los Angeles mwezi Desemba, na kipindi chenyewe huanza saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Las Vegas, nyumbani kwa Evo, iko nyuma yetu kwa saa kumi wakati wa kiangazi chao, hivyo fainali zao za Jumapili usiku ni Jumatatu asubuhi kwetu. Mtu aliyekesha, bando limeisha, tumbo halina kitu, halafu Lei hayumo: hapo tusi liko karibu sana na kidole. Kutazama moja kwa moja kwa ubora wa 720 hula gigabaiti moja na zaidi kwa saa, na hafla ni ya saa tatu au zaidi, na kwenye kila bando unalonunua kuna ushuru wa asilimia 12 ulioanza Julai 2021. Laleni. Asubuhi fungueni trela kwenye chaneli rasmi ya wenye gemu. Ni dakika chache na haifiki megabaiti mia moja. Kundi lifungwe kwa maandishi tangu usiku hadi saa sita mchana, msimamizi peke yake aweze kuandika. WhatsApp ina kitufe cha hilo kwenye mipangilio ya kundi.

Pasi ya msimu. Hapa hesabu ni fupi. Pasi ya kwanza ya Smash Ultimate iliuzwa dola 24.99 kwa wapiganaji watano, na mmoja mmoja aliuzwa dola 5.99. Watano kwa rejareja ni 29.95, unaokoa dola tano kasoro. Wanne kwa rejareja ni 23.96, nafuu kuliko pasi. Kwa hiyo pasi ile ilimlipa tu mtu aliyewataka wote watano. Chukueni pasi yoyote, gawanyeni bei yake kwa bei ya mmoja, mtajua ni wangapi lazima uwatake ndipo ikulipe. Kununua kabla ya majina ni kununua gunia lililofungwa ili kuokoa bei ya sahani ya chakula. Mwenzenu alinunua gunia, wapiganaji aliopata ni wake na anawachezesha. Kumchangia kama fidia, hapana. Lakini kama anawaweka kwenye mashine ya kibanda na nyote mnawatumia, basi mwenye kibanda na aongee naye, hiyo ni biashara halali.

Na hapo kwenye mashine kuna mtego ambao huwaumiza watu siku ile ile mhusika wao anapofika. PlayStation Store haina duka la Uganda, kwa hiyo akaunti zetu ni za Marekani, Uingereza au kwingineko. Nyongeza lazima ilingane na eneo la diski. Geuzeni kasha: alama ya umri ikiwa herufi, kama T au M, diski ni ya Marekani. Ikiwa namba ya PEGI, kama 16 au 18, ni ya Ulaya. Ukinunua Lei kwa akaunti ya Marekani wakati diski ni ya Ulaya, hela itakatwa, faili litashuka, na ndani ya gemu hatatokea. Kabla ya kulipa, jaribuni kwanza kitu cha bure cha gemu hiyohiyo kupitia akaunti hiyohiyo. Kikitokea ndani ya gemu, maeneo yanalingana. Kadi ya kujaza pochi nayo iwe ya nchi ya akaunti, la sivyo namba zake zitakataliwa.

Kibanda chenu kina mashine nne. Akaunti moja huruhusiwa kuwasha kipengele cha kushiriki na wengine kwenye PS5 moja tu kwa wakati mmoja. Ikiwashwa pale, kila anayekaa kwenye mashine hiyo anamtumia mpiganaji aliyenunuliwa. Mashine tatu zilizobaki hazimpati. Chagueni mapema ni mashine ipi itakuwa ya nyongeza, msije mkachangishana mara nne bila kujua.

Wa Genshin namwekea maneno machache, maana tatizo lake ni la aina nyingine. Mhusika wake yupo tayari, kinachokosekana ni bahati, na bahati hiyo imeandikwa namba. Kuvuta, yaani kucheza bahati nasibu hiyo, mara moja ni primogem (sarafu ya gemu) 160. Uwezekano wa nyota tano (daraja la juu kabisa) kwa mvuto mmoja ni asilimia 0.6, na mvuto wa 90 una uhakika. Ila nyota tano ya kwanza inaweza kuwa mtu mwingine, karibu nusu kwa nusu. Ikiwa mwingine, inayofuata lazima iwe yule wa bango, yaani anayetangazwa kwenye bahati nasibu ya wakati huo. Kwa hiyo mbaya kuliko zote ni mivuto 180, yaani primogem 28,800. Mtu akianza sifuri na kuvuta mara arobaini, ana kama asilimia 21 ya kupata nyota tano yoyote, na nusu tu ya hiyo kumpata anayemtaka: mmoja kwa tisa. Kazi za kila siku hutoa primogem 60, hivyo kwa hizo peke yake 28,800 ni siku 480. Matukio na zawadi nyingine hufupisha safari, lakini mpangilio ndio huo. Hesabu ya mivuto huhamia bango la wahusika linalofuata, haipotei, kwa hiyo hakuna sababu ya kukopa usiku wa mwisho wa bango. Kanuni yake iwe moja: asianze kuvuta mpaka awe na akiba ya kufika 180, akihesabu na ile mivuto aliyokwisha kuitumia. Na kadi au namba ya pesa za simu aitoe kwenye simu anayochezea. Pango limlipwe mwenye nyumba kabla gemu haijafunguliwa mwezi huo.

Wakati mnasubiri, mtu wa Lei asikae bila kazi. Anachokipenda kwa Lei ni kubadili mtindo katikati ya shambulio hadi mpinzani asijue azuie juu au chini. Zafina yumo tangu mwanzo na ana mitindo mitatu ya namna hiyo, miwili ikiwa ya chini kabisa. Xiaoyu naye ana ile ya kuchuchumaa inayokwepa mapigo ya juu, na ya kumpa mpinzani mgongo. Afungue chumba cha mazoezi, achague mtindo mmoja, aingie na kutoka kwa mapigo matatu tu, dakika ishirini kwa siku kwa wiki mbili. Vidole vitakavyozoea hapo ndivyo Lei atakavyovihitaji akija.

Wale wawili waliojitoa kwenye kundi, warudisheni siku moja baada ya trela ijayo, si kabla, na mkononi wakiwa na safu zao za daftari.